Mtihani wa Kuingia Chuo cha Biashara: Je, Yafaa Kukariri Maneno?

Kila mwaka makarani wa benki, waalimu, wahasibu na maafisa wa vyama vya ushirika hujiandaa kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya biashara, ili wapate shahada ya pili ya usimamizi wa biashara, ijulikanayo kwa herufi MBA. Vyuo vingi vya ng'ambo, na hasa vya Marekani na Ulaya, humtaka mwombaji afanye mtihani kwanza. Mtihani huo huandikwa kwa Kiingereza, na ada yake si ndogo: ni zaidi ya dola 200 za Marekani kila mara mtu anapoufanya. Mtu akishindwa kupata alama anazozitaka, akaamua kurudia, hulipa tena.

Kwa sababu hiyo swali moja huulizwa mara kwa mara na wale wanaojiandaa. Je, inafaa mtu atumie saa zake za jioni kukariri orodha ya maneno magumu ya Kiingereza? Wako wanaosema kwamba bila ya kujua maneno elfu tatu mtu asithubutu kuingia katika chumba cha mtihani. Wako wengine wanaosema kwamba kukariri maneno ni kupoteza wakati. Pande zote mbili zina ukweli kidogo, lakini kila upande unasema habari za mtihani mwingine. Katika makala haya tutaeleza jambo hili hatua kwa hatua, ili kila msomaji aweze kupima mwenyewe.

MITIHANI MIWILI, SI MMOJA

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba iko mitihani miwili mikubwa inayokubaliwa na vyuo vya biashara. Wa kwanza huitwa GMAT. Mtihani huu uliwekwa kwa ajili ya vyuo vya biashara hasa. Ulifanywa mara ya kwanza mwaka wa 1954 kwa jina jingine, na jina la GMAT ulipewa mwaka wa 1976. Wa pili huitwa GRE. Huo ni wa zamani zaidi, maana ulianza katika miaka ya 1930, nao ni wa wanafunzi wa shahada za juu za kila namna: wa sayansi, wa historia, wa elimu na wengineo. Zamani vyuo vya biashara vilitaka GMAT peke yake, lakini siku hizi vyuo vingi hupokea mtihani wo wote kati ya hiyo miwili.

Basi mtu akiuliza kama maneno yana maana, yapasa aulizwe kwanza: Ni mtihani upi unaoutaka? Mkulima hawezi kujibiwa ni mbegu gani apande kabla hajasema shamba lake liko pwani au liko mlimani.

SIFA YA KUKARIRI ILITOKA WAPI

Kwa miaka mingi mtihani wa GRE ulikuwa na maswali ya kinyume cha neno. Mtahiniwa alipewa neno moja peke yake, bila ya sentensi, akatakiwa kuchagua neno lililo kinyume chake. Yalikuwako pia maswali ya kulinganisha jozi za maneno. Katika maswali ya namna hiyo hakuna akili iwezayo kumsaidia mtu asiyelijua neno. Ama unalijua, ama hulijui. Hapo ndipo ilipoanza desturi ya kubeba kadi za maneno mfukoni na kuzisoma ndani ya basi.

Maswali hayo yaliondolewa mwezi wa Agosti, 2011. Lakini desturi haikuondoka pamoja nayo. Vitabu vya zamani vingali vinauzwa katika vibanda vya vitabu vya mitumba, na mtu anayenunua kwa kuvutiwa na bei nafuu aweza kujikuta anajiandaa kwa mtihani ambao haupo tena.

Hali ni hiyo hiyo kwa mtihani wa GMAT. Mpaka tarehe 31 Januari, 2024, mtihani wa namna ya zamani ulikuwa na maswali ya kusahihisha sentensi, na pia insha. Katika maswali ya sentensi mtahiniwa alitakiwa kujua sarufi ya Kiingereza vizuri, na misemo yake. Namna mpya ya mtihani ilianza mwezi wa Novemba, 2023, nayo haina kusahihisha sentensi wala insha. Maswali ya jometri katika hesabu yameondolewa pia. Kwa hiyo kabla ya kununua kitabu cho chote, tazama mwaka kilipopigwa chapa. Kitabu cha GMAT kilichotolewa kabla ya mwaka wa 2023 kitakufundisha mambo mengi ambayo hutaulizwa.

MTIHANI WA GMAT UNAPIMA NINI

Mtihani wa GMAT wa sasa una sehemu tatu. Kila sehemu ni ya dakika 45. Sehemu ya hesabu ina maswali 21, sehemu ya maneno ina maswali 23, na sehemu ya kusoma takwimu ina maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Alama za jumla huanzia 205 na hufika 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawasawa katika kuhesabu alama hizo.

Tutazame sehemu ya maneno, maana ndiyo inayohusu swali letu. Ina maswali ya namna mbili tu. Namna ya kwanza ni kusoma habari na kujibu maswali juu yake. Namna ya pili ni kupima hoja: unapewa maelezo mafupi, kisha unaulizwa ni jambo gani linaloitia nguvu hoja ile, au linaloidhoofisha, au ambalo mwenye kusema amelichukua kuwa kweli ingawa hakulitaja. Hakuna hata swali moja linalouliza, "Neno hili maana yake nini?"

Mfano utasaidia. Tuseme swali lasema hivi:

"Mwaka jana chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilinunua lori jipya. Mwaka huu gharama ya kuchukua kahawa mpaka kiwandani imepungua. Kwa hiyo ni lori jipya lililopunguza gharama."

Mtahiniwa anaulizwa: Ni habari gani kati ya hizi inayoidhoofisha hoja hiyo zaidi? Jibu moja lasema kwamba lori jipya lilinunuliwa kwa mkopo. Jingine lasema kwamba vyama vingine navyo vina malori. La tatu lasema kwamba mavuno ya mwaka huu yalikuwa nusu ya mavuno ya mwaka jana. Jibu la haki ni la tatu. Ikiwa kahawa ya kuchukuliwa ilikuwa nusu tu, gharama ingeweza kupungua hata kama lori la zamani lingalitumika. Mkopo ni habari nyingine, nayo haielezi gharama ya kuchukua kahawa. Malori ya vyama vingine hayahusiki kabisa.

Msomaji aone kwamba hakuna neno gumu hata moja katika swali hilo. Ugumu wake ni katika kuuliza: Je, hakuna sababu nyingine? Mtu aliyekariri maneno elfu tatu hatapata jibu kwa maneno hayo, na mzee wa baraza aliyezoea kusikiliza kesi za mipaka ya mashamba angelipata upesi.

Je, ndiyo kusema maneno hayana kazi kabisa katika GMAT? La, hasha. Habari za kusoma hutoka katika biashara, sayansi na mambo ya jamii, na Kiingereza chake ni cha watu waliosoma. Mtu anayekwama katika kila mstari atamaliza dakika zake kabla ya maswali kwisha, maana kwa wastani kila swali halipati hata dakika mbili kamili. Lakini dawa ya kukwama huko ni kuzoea kusoma. Neno la sayansi lisilojulikana na watu wengi kwa kawaida huelezwa ndani ya habari yenyewe, na msomaji mzoefu hulipita bila ya hofu.

MANENO MADOGO YENYE NGUVU

Yako maneno ambayo kila mtahiniwa wa GMAT sharti ayajue barabara, lakini hayamo katika orodha za maneno magumu. Ni maneno madogo ambayo kila mtu hudhani anayajua.

Kwanza ni maneno ya hoja. "Some" katika hoja maana yake ni mmoja au zaidi, wala si lazima wawe wengi. "Unless" huweka sharti. "Must" ni jambo lisilo budi kuwa, na "may" ni jambo liwezalo kuwa. Jibu lenye "must" mara nyingi ni kosa mahali ambapo lenye "may" lingekuwa haki, kwa sababu habari iliyosomwa haikuthibitisha mambo kiasi hicho.

Pili ni maneno ambayo Kiswahili hakiyatenganishi. Sisi twasema "watu wachache" na tumemaliza. Lakini Kiingereza husema "few people" na "a few people", na tofauti ni kubwa. La kwanza laeleza upungufu, kana kwamba hakuna watu wa kutosha. La pili laeleza kwamba watu wapo, ingawa si wengi. Mwanafunzi anayefasiri yote mawili kwa neno moja moyoni mwake aweza kugeuza maana ya habari nzima.

Tatu ni maneno ya kawaida yenye maana ya pili. Neno "qualify" twalijua kwa maana ya kufaulu au kustahili. Lakini katika habari za kusoma "to qualify a claim" ni kupunguza ukali wa neno lililosemwa, kulitia mipaka. Neno "sanction" laweza kuwa idhini, na laweza kuwa adhabu, na ni sentensi tu iwezayo kuonyesha ni lipi linalokusudiwa.

Nne ni maneno ya hesabu na takwimu. Bei ya mfuko wa mbolea ikiwa shilingi 5,000, asilimia 20 ya bei hiyo ni shilingi 1,000. Lakini bei iliyo kubwa kwa asilimia 20 kuliko hiyo ni shilingi 6,000. Riba ikipanda kutoka asilimia 10 mpaka asilimia 12, imepanda kwa nukta mbili za asilimia. Lakini ukilinganisha na riba ya kwanza, ongezeko ni asilimia 20. Anayechanganya mambo hayo hukosa swali ambalo hesabu yake aliiweza tangu shule ya msingi.

Maneno ya namna hizo nne hayazidi mia moja au mia mbili. Kujifunza hayo ni kazi ya wiki chache, na faida yake huonekana katika sehemu zote tatu za mtihani.

MTIHANI WA GRE NI HABARI NYINGINE

Mtu aliyechagua GRE asidanganywe na maneno tuliyoyasema hapo juu. Katika mtihani huo maneno yanapimwa waziwazi.

Tangu mwezi wa Septemba, 2023, mtihani wa GRE umefupishwa, nao huchukua muda wa saa mbili hivi. Sehemu ya maneno ina vipande viwili: cha kwanza kina maswali 12 kwa dakika 18, na cha pili kina maswali 15 kwa dakika 23. Alama za sehemu hiyo ni kutoka 130 mpaka 170. Karibu nusu ya maswali ni ya kusoma habari. Nusu ya pili ni ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika sentensi.

Tuseme sentensi yasema kwamba waziri fulani alijulikana kwa hotuba ndefu, kwa hiyo watu walishangaa jibu lake lilipokuwa la namna fulani, na hapo pana nafasi tupu. Mwenye akili ataona mara moja kwamba linatakiwa neno lenye maana ya ufupi. Amekwisha kuifanya nusu ya kazi. Lakini majibu anayopewa ni "laconic", "verbose", "erudite" na mengineyo. Ikiwa hajui kwamba "laconic" ni mtu au neno lenye kusema machache, akili yake yote haitamfikisha. Amefika mlangoni lakini ufunguo hana.

Katika namna nyingine ya swali mtahiniwa hupewa maneno sita, naye hutakiwa achague mawili yanayoipa sentensi maana ile ile. Akipata moja na kukosa moja, hapati alama yo yote. Ni vivyo hivyo kwa sentensi yenye nafasi mbili au tatu: sharti zote zijazwe kwa haki. Kwa hiyo kujua maneno nusunusu hakutoshi.

JINSI YA KUJIFUNZA MANENO

Mwaka wa 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijijaribu mwenyewe kwa kujifunza silabi zisizo na maana, akapima zilivyompotea. Aliona kwamba mengi husahauliwa mapema sana, katika saa na siku za kwanza, na kwamba kurudia kwa vipindi kunafaa kuliko kurundika kazi yote siku moja. Waalimu wa leo wangali wanalitumia somo hilo.

Basi mtu asijaribu kumeza maneno mia Jumamosi moja. Ajifunze kumi kwa siku, ayarudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Yale anayoyakumbuka ayaweke kando. Yale yanayomponyoka ayarudie zaidi. Kila neno aliandike pamoja na sentensi yake, maana neno bila ya sentensi ni kama jembe bila ya mpini.

Mizizi ya maneno husaidia pia. Mtu ajuaye Kiswahili hana haja ya kufundishwa kila neno peke yake: akijua "soma", atatambua "msomi", "somo", "someka" na "usomaji". Kiingereza nacho kina mizizi, mingi ikiwa imetoka katika Kilatini na Kiyunani. Anayejua kwamba "bene" ni wema na "mal" ni ubaya ataweza kukisia "benevolent" na "malevolent". Lakini ajihadhari, maana Kiingereza hakifuati njia yake daima kama Kiswahili kifuatavyo. Kukisia kwa mzizi ni msaada, wala si ushahidi.

Pamoja na hayo, asome kila siku gazeti au jarida zuri la Kiingereza lenye makala marefu ya uchumi na sayansi. Baada ya kila fungu ajiulize: Mwandishi anataka niamini nini? Ametoa sababu gani? Zoezi hilo humfaa mtahiniwa wa GMAT na wa GRE sawasawa.

KUGAWA SAA ZAKO

Tumchukue karani mwenye kazi ya kutwa na watoto nyumbani. Ana wiki 12 kabla ya mtihani, na kila wiki aweza kupata saa 10. Jumla ni saa 120. Orodha ya maneno elfu tatu ingemtaka ajifunze maneno 35 au zaidi kila siku bila ya kupumzika, mbali na kurudia. Haiwezekani, na akijaribu, hesabu itaachwa.

Ikiwa anafanya GMAT, na aiache orodha hiyo. Atumie saa chache kwa maneno madogo tuliyoyataja, na zilizobaki kwa hoja, hesabu na takwimu. Ikiwa anafanya GRE, na atenge dakika 20 kila siku kwa maneno. Kwa wiki 12 dakika hizo ni saa 28. Akijifunza maneno kumi kwa siku kwa wiki kumi, atakuwa na maneno 700, na wiki mbili za mwisho atazitumia kuyarudia tu. Maneno 700 yanayojulikana vizuri yana faida kuliko elfu tatu yaliyosomwa mara moja.

Na kama bado hajachagua mtihani, yako mashauri rahisi. Wenye mitihani yote miwili hutoa mitihani miwili ya majaribio bila ya malipo kwa njia ya intaneti. Na aufanye mmoja wa GMAT na mmoja wa GRE, kila mmoja kwa muda wake kamili, saa mkononi. Kisha ayatazame makosa yake. Kwa kila swali la maneno alilokosa ajiulize: Je, nilikosa kwa kutojua neno, au nilijua maneno yote nikakosa maana ya hoja? Ahesabu makosa ya kila upande. Hesabu hiyo itamwonyesha kazi yake iko wapi, na mtihani upi unamfaa zaidi.

Mwisho, kabla ya kulipa ada, na aulize chuo anachokitaka kama kinapokea GMAT, GRE, au yote miwili, na kama kinataka pia mtihani wa kupima Kiingereza, ambao ni kitu kingine mbali. Alama za GMAT na za GRE hudumu kwa muda wa miaka mitano. Kwa hiyo mtu aweza kufanya mtihani sasa, akaweka fedha za safari na karo polepole, na akapeleka maombi yake baadaye.